Shuka la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwuliza umebakiza muda gani. Akasema nisiagize kalenda ya mwakani. Mjinga! Nilimfundisha jiografia, hakuwahi kuvuka alama thelathini.

Basi niungame kabla sijaondoka. Nina miaka themanini na miwili, hamsini na minne kati yake nimeishi na mke mmoja, na adui wa ndoa yetu amekuwa mmoja tu: siku nzuri. Jua na upepo. Siku inayokausha mashuka ndiyo hiyo hiyo inayojaza tanga. Mke wangu huniita nishike ncha ya pili tukamue, maana shuka zito halikamuliwi na mtu mmoja. Mimi hushika kiuno, huguna, na baada ya nusu saa niko ziwani. Jina langu humu ndani ni Bwana Mgongo.

Leo pia aliita. Niliguna.

Jumanne, 4 Juni

Mvua. Hakuna kufua, hakuna mashua. Siku ya kuungama!

Kosa lenyewe ni hili. Miaka kumi na tisa iliyopita tanga letu lilichanika. Nikachukua kabatini shuka ambalo mke wangu alitariziwa na marehemu mama yake kwa ajili ya arusi, maua ya zambarau pembe zote. Pamba nzito, upepo haupenyi; likawa tanga. Alipolikosa alimshuku mdogo wake, aliyekuwa akija kila wiki kushika ile ncha ya pili, na aliyelitamani shuka hilo tangu usichana. Niliulizwa. Nikasema, kwa sauti yangu ya mwalimu mkuu, kwamba sipendi kumtaja mtu. Ikatosha. Hawajasemezana mpaka leo, na nyumba zao zinatazamana.

Nilianza vizuri. Nikamwuliza kama analikumbuka lile shuka. Akadakia kwamba analikumbuka, na mwizi wake anamkumbuka vilevile, na akifa yeye kwanza, yule mwanamke asithubutu kusogelea jeneza. Nikaomba chai ya pili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata hila! Kuungama hakuna haja. Nitalirudisha shuka kabatini kimyakimya, chini ya mablanketi, kisha nilione kwa bahati. Machozi, kukumbatiana, mimi shujaa.

Nikaenda kwa rafiki yangu fundi saa, mwenye mashua. Alicheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni. Akauliza ni shuka gani la arusi lenye viraka kumi na vinane, pete za shaba na harufu ya kambale. Akaongeza kuwa miaka yote hii mimi ni abiria tu, nahodha ni yeye, na tanga halitoki. Abiria! Mtu asiyejua hata kaskazini iko wapi! Nimeondoka bila kumuaga. Nitamnunia mpaka siku nzuri ijayo.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji, yule mdogo wa mke wangu, alinisimamisha langoni. Anatembelea fimbo siku hizi. Akaniamkia kwa heshima zote, jambo linaloniuma kuliko matusi. Akasema Jumapili saa nne gari linakuja, anahamia kwa mwanawe, mbali, na harudi tena. Akauliza vidole vya dada yake vikoje. Nikasema vimepinda. Akasema humwona kupitia dirisha akifunga ncha ya shuka kwenye bomba la maji na kukamua peke yake, kama mtu anayenyonga nyoka. Angevuka barabara hata leo, akasema, ila hawezi kuingia nyumba ambamo yeye ni mwizi.

Kisha akanitazama. Muda mrefu. Je, anajua? Nikashika kiuno.

Jioni nimeandika barua. Kurasa nne, kila kitu, hadi ile ya kutopenda kumtaja mtu. Nimelia kidogo kwenye ukurasa wa tatu. Umeandikwa vizuri mno. Jumapili asubuhi namkabidhi mke wangu mkononi. Watakuwa na muda wa kutosha, yeye na mdogo wake.

Jumapili, 9 Juni

Siku nzuri, ilaaniwe. Anga safi. Upepo wa kusini-mashariki, thabiti, wa aina inayokuja mara mbili kwa mwaka.

Saa mbili mke wangu alikuwa uani, mikono ndani ya povu. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Akaniita: Bwana Mgongo, leo tu, njoo ushike hapa. Hakucheka. Nilipiga hatua tatu. Kweli kabisa, tatu! Ng'ambo ya barabara shemeji alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, macho kwenye lango letu. Ndipo fundi saa akapiga mluzi kutoka kona.

Niliguna. Nilijiambia kwamba barua inahitaji kupitiwa mara moja zaidi, na kwamba majini kuna utulivu.

Fundi alinibeba mgongoni hadi ndani ya mashua. Nimekuwa mwepesi kama gazeti. Tulitoka vizuri, ila mlingoti ulikuwa unacheza tunduni. Akataka kitu cha kuukazia. Tambara hakuna. Akauliza mfukoni nina nini. Kurasa nne, zikikunjwa sawasawa, hutosha kabisa. Mlingoti ukatulia. Maua ya zambarau, yale yaliyobaki, yakavimba juu ya kichwa changu, na kwa saa nzima sikuusikia moyo.

Niliporudi, ng'ambo palikuwa patupu, hata sanduku hakuna. Uani mashuka yalikuwa yameanikwa bila kukamuliwa, yanachuruzika hadi kwenye matope. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, mikono mapajani, anaitazama nyumba ile. Akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikasema afadhali.

Nitaandika nyingine siku ya mvua. Safari hii kwa karatasi nene. Ile ililowa upesi, na mlingoti ukaanza kucheza kabla hatujafika ufukoni.