Dudu Nje, Awamu ya Kwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ameomba udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa Kijiji, watendaji, Baba Paroko, wazee wetu shikamooni (Marahaba!), mabibi na mabwana, na ninyi wadudu waharibifu wa misitu popote mlipojificha, itifaki nimeizingatia mpaka kwenu. (Kicheko.)

Mimi Vitalis, Mratibu wa Mradi wa Utafiti wa Wadudu, yaani Dudu Nje, nasimama hapa Maretadu kifua mbele kutangaza kwamba ndani ya mwaka mmoja wa mchakato tumefanya upembuzi yakinifu wa upembuzi yakinifu, tumekaa wokshopu kumi na tisa, na utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, hizo nne za ziada zikiwa ni juhudi zangu binafsi, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. (Makofi, hasa ya watendaji.)

Mtakumbuka Mama Hilaria, yule pale, alikuja ofisini na gome la msaipresi limetobolewa kama chujio, akasema, "Mwanangu, wadudu wanamaliza miti aliyoniachia marehemu, nataka niikate nipaulie nyumba kabla ya mvua." Nikamwambia, weee mama, usiguse, utaharibu data! Nikampa marufuku yenye muhuri, nikamwagiza kila Jumatatu akusanye wadudu kwenye chupa, azibe kwa gunzi, alete. Ameleta chupa arobaini na nne!

(Mama Hilaria: "Arobaini na nane. Na miti sitini imebaki ishirini.")

Asante kwa kuboresha takwimu. Hiyo arobaini imejitolea kwa ajili ya sayansi. (Minong'ono.)

Wapo wapiga domo wanaosema mradi hauonekani. Jamani! Na kibao kile ni cha nani? (Watu wanageuka. Imebaki nguzo.) Sawa, kimeliwa. Maana yake wadudu wameupokea mradi.

(Mzee Gidamis: "Na wameumaliza!" Kicheko kirefu.)

Dudu! (Nje!) Dudu! (Ndani!) Nani huyo?

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru watafiti wetu, ambao bado hawajaajiriwa. Maabara yetu, ambayo haijachorwa. Na wafadhili wetu, ambao hawajasoma andiko la mradi kwa sababu hatujaliandika. Chupa zote zipo stoo, isipokuwa wadudu wametoboa magunzi, na kwa sasa wanaendelea na utafiti kwenye dari la ofisi.

(Mama Hilaria anasimama: "Kwa hiyo hiyo ishirini niikate?")

Hapana, mama yangu. Marufuku iliwekwa na mradi, wa kuiondoa ni mradi peke yake, na mradi, kama nilivyofafanua, haujawahi kuwapo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mama Hilaria ameshaondoka. Mzee Gidamis anapita kwake kuchukua msumeno, Baba Paroko anakunja mikono ya shati, na uwanja mzima unawafuata. Upande wa shambani shoka la kwanza linalia.)

Jamani, sijafunga kikao!