Chumba cha Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu ana kazi ya ajabu. Anakodi simu zilizo mbali, anaziendesha kwenye kompyuta, kisha anazitilia mtandao mbovu wa kuigiza aone kama programu ya kuwapangia wagonjwa foleni hospitalini itakwama. Watu wanalilia mtandao mzuri, yeye anapika mbaya. Ripoti ni Ijumaa. Bosi akiridhika, ataajiriwa moja kwa moja.

Leo nimeona mtandao mbovu kuliko yote ameupa jina: Chumba cha Bibi. Nimemuuliza ni bibi yupi huyo. Akacheka, akasema kwani uongo, si chumbani kwangu simu hukatika kila saa? Na mabosi wanasoma hayo. Nimenuna hadi usingizi.

Jumanne, 4 Machi
Ameingia kuoga, ameacha kompyuta wazi. Nikavuta vile vimstari vyote vya kupangia kasi ya Chumba cha Bibi hadi mwisho, nikabonyeza hifadhi. Darasa langu la tatu linatosha. Heshima ya chumba imerudi.

Jumatano, 5 Machi
Programu imepita majaribio yote. Mtoto amenikumbatia. Nimepokea kimyakimya, kama mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Yameharibika. Majaribio yalipita vizuri mno, mjukuu akashtuka. Kumbe kila jaribio hubaki na mipangilio ya mtandao uliotumika, ukiitaka unaiita unaisoma. Akaiita. Jina Chumba cha Bibi, kasi kushinda ofisini kwao. Akauliza kama nimejengewa mnara chini ya kitanda. Nikasema panya. Akasema panya hawabonyezi hifadhi.

Akarudisha ubovu, akajaribu upya. Programu ikakwama, ikampa mgonjwa mmoja nafasi tatu na mwingine hana kitu. Akaanza kulia: akileta kosa dakika ya mwisho, bosi atamwona mkosi. Nikamkaripia. Futa kamasi, andika ulichokiona, huyo mgonjwa asiye na nafasi kesho ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Ameajiriwa! Bosi amesema kosa lile lingewaumbua mbele ya hospitali. Kuanzia leo kila programu itapitia Chumba cha Bibi kwanza. Bila mkono wangu nani angeshtuka? Nimepita mtaani kifua mbele.

Sasa fundi cherehani wa jirani, mwenye wivu kama nini, anadai kwake mtandao ni mbovu zaidi. Na mjukuu, bila haya, ameahidi kwenda kupima.

Thubutu. Nimeshaziba dirisha kwa mabati mtandao usipenye, na sinia nimelitundika mlangoni. Akija kupima kwangu, asipate hata mlio.