Ombi la Kumwandikisha Mbuzi Miongoni mwa Mboga

Biryogo, Kigali
Mwezi wa saba, 1991

Kwa Bwana Muganga Silvère,
Mwalimu wa Chakula cha Akina Mama Wajawazito,
Dispensari yetu.

Kuhusu: Maharage

Bwana Muganga mheshimiwa,

Huna haya wewe. Tangu ulipokuja uani kwangu na picha zako za karoti, mvua zimenyesha zikaisha, vumbi limeingia, na mguu wako sijauona. Nasikia siku hizi ukitoka kwenu Nyakabanda unazunguka nyuma ya msikiti ili usipite mlangoni kwangu. Unaniogopa? Mimi niliyekulisha? Ulipokuwa mtoto wa shule ulikuwa unapita hapa tumbo limeshikana na mgongo, na marehemu mume wangu, mzee Sefu, alikuwa anakuchomea ini la mbuzi kabla hajamhudumia mteja yeyote. Hiyo miguu unayosimamia leo ukiwaambia wanawake wale majani, ilijengwa na mbuzi wetu.

Nakuandikia kwa sababu sasa wewe ni mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi hasikii mpaka asome. Mimi kalamu sijawahi kuishika, na darasani sikuingia hata kufagia. Anayeandika ni Umulisa, mke wa mjukuu wangu Sudi, ambaye pia ndiye mshtakiwa wa pili. Nimemtahadharisha kwamba akipunguza neno nitajua, maana nikisema sana kalamu nayo lazima itembee sana. Alitaka tuanze na "kwa heshima na taadhima". Nimemwambia heshima inatosha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulikuja nyumbani kwa mchinjaji kufundisha watu waishi bila nyama. Unajua fika kwamba bucha ya mzee Sefu, ambayo sasa anaiendesha mwanangu, iko mbele, ua uko nyuma, na katikati pana ukuta wa matofali mabichi unaopitisha hata kikohozi. Ukasimama hapo, na sauti kama ya mwadhini, ukatangaza kwamba maharage, karanga, mchicha wetu wa dodo, mayai na maziwa, vikipangwa vizuri, vinaweza kumjenga mtoto tumboni bila kipande kimoja cha nyama. Wateja walisikia. Mmoja aliyeagiza kilo akachukua nusu. Ungeenda kuyasema hayo Kimihurura kwenye maofisi, ambako watu wanakula huku wanasoma makaratasi na hawajui kilichomo kwenye sahani.

2. Umulisa alikusikiliza. Hili ndilo baya kuliko yote. Wanawake wengine wote walikuja kwa ajili ya ile sabuni mliyogawa. Yeye peke yake akasikiliza. Tangu mimba ikiwa ya miezi mitatu hadi leo ya minane, hajatia nyama kinywani. Asubuhi ni uji wa mtama na maziwa. Mchana ni maharage na dodo, na juu yake anakamua limau, eti limau linaifungulia damu mlango. Jioni ni isombe, majani ya muhogo ya karanga, na yai, na parachichi. Vidonge vyako vya damu anavimeza kwa saa kama mtu anayeswali. Na chai! Chai yangu ya maziwa, ninayoinywa pamoja na chakula tangu enzi za Wabelgiji, imeshtakiwa kwamba inaiba nguvu ya maharage. Sasa inabidi ingoje mpaka chakula kishuke. Nyumbani kwangu mimi, chai inangoja nje kama mgeni asiyejulikana.

Wewe unajua kwa nini jambo hili linanikaa kooni. Mimba ya kwanza ya Umulisa ilitoka, mwaka juzi, na mimi ndiye niliyefua yale mashuka. Sudi ni dereva wa lori. Tangu vita vifunge barabara ya Gatuna ya kwenda Uganda, anazunguka kwa Rusumo mpaka Dar es Salaam, na akiondoka hatujui atarudi lini. Safari hii alinishika mkono akasema, Bibi, nakuachia watu wawili. Sasa, Muganga, mimi najua njia moja tu ya kumtunza mtu. Iko kwenye sufuria na ina mifupa ndani yake. Wewe umekuja ukanipokonya upawa, ukanipa picha ya karoti.

3. Umeniaibisha mtaani. Siku ya Idi ya kuchinja, jirani yangu Mukagasana, yule fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, alimwona Umulisa amekaa kizingitini na tumbo lake, anakula maharage. Siku ya Idi! Mukagasana akaingia kwake, akatoka na bakuli lililofunikwa sahani. Nyama. Ananiletea nyama mimi, ya mbuzi aliyenunuliwa bucha yetu asubuhi ileile! Akaninong'oneza, Tausi, dada yangu, usione haya, kila nyumba ina siku zake. Nililipokea bakuli kwa mikono miwili kama fukara, nikaenda nyuma ya nyumba nikaimaliza nyama yote, kwa sababu ilikuwa imepikwa vizuri. Lakini niliila kwa hasira.

4. Mbuzi. Nilimnunua mbuzi jike mweusi niwe na supu ya uzazi karibu. Nikamfunga uani asubiri. Umulisa akaanza kumpa mabua ya dodo lake. Sasa wanakula pamoja, chakula kimoja, wanatazamana. Halafu dume la jirani likapenya uzio, na mbuzi naye ana mimba. Kila nikisema mtoto hawezi kujengeka kwa majani, Umulisa ananionyesha mbuzi kwa kidole, na yule mbuzi anageuka ubavu ili nimwone vizuri. Nina wajawazito wawili uani kwangu, na hakuna hata mmoja anayekula nyama.

5. La tano nilikuwa nalo asubuhi. Limenipotea. Umulisa ameliachia nafasi.

6. Mtaa utakufa. Hebu fikiri. Hapa Biryogo jioni brosheti, mishikaki yetu ya mbuzi, zinanukia kutoka barabarani mpaka ndani ya mito ya kulalia. Mtoto aliyejengwa kwa karoti akitolewa nje siku ya arobaini atapiga chafya, atalia, na mama yake atamrudisha ndani. Akikua atawaambia wenzake. Majiko yatazimwa. Wanaume watakaa kwenye mabenchi jioni wakitafuna karoti kwa pilipili, mojamoja, kwa adabu, bila kupigana hata mara moja. Bucha ya mzee Sefu itakuwa duka la mbegu. Mbuzi wataongezeka mpaka watuzidi, watataka kiongozi, kiongozi atataka ofisi Kimihurura, na siku moja mbuzi mwenye tai atakuja uani kwangu na picha zake kutufundisha chakula. Na wewe, Silvère, utakuwa unamfasiria.

Kwa hayo yote sitaki fidia. Naomba jambo moja tu. Naiomba dispensari imwandikishe mbuzi miongoni mwa mboga.

Usicheke. Nimelifikiria kwa makini kuliko wewe ulivyofikiria karoti zako. Mbuzi hajaonja nyama tangu azaliwe. Asubuhi anakula majani, mchana majani, na jioni akikosa majani anakula kamba aliyofungiwa. Ukimpasua utakuta nini, kama si dodo lililokwisha kutafunwa na mwingine? Ng'ombe mwache kwenye nyama, ng'ombe ana makuu. Lakini mbuzi ni mboga iliyoota miguu. Karatasi yako iseme hivyo, ipigwe muhuri, uje uisome uani kwa sauti yako ileile, na Umulisa anywe supu ya mboga hiyo, mapaja yote mawili, kabla hajajifungua. Hakuna fundisho lako litakalovunjika, na mimi nitarudishiwa upawa wangu.

Nisalimie mama yako Nyakabanda na umwambie kile kikapu chake bado ninacho na bado nakitumia. Nisalimie mlinzi wa dispensari, yule anayesinzia, na wanawake wote wanaopanga foleni kwenye mzani wako, waliokula na wasiokula. Umulisa anakusalimu, ingawa kwa cheo chake cha mshtakiwa hakutakiwa kufanya hivyo.

Ni mimi ninayekulalamikia kwa mapenzi,

Tausi binti Rajabu, mjane wa Sefu mchinjaji
(dole gumba lake)

Nyongeza.

Barua ilikuwa imekwisha. Umulisa aliniomba anisomee kabla hajaifunga. Alipofika pale penye mapaja yote mawili, akaishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akalaza kichwa mezani. Nikadhani uchungu umeanza, nikasimama kutafuta khanga. Kumbe anacheka, halafu analia, halafu yote mawili.

Akasema, Bibi, hata Muganga apige mihuri kumi, mimi sitaweza. Kwao huko Gikongoro mwanamke hali mbuzi. Mama yake alimwambia, na bibi yake alimwambia mama yake, kwamba mwanamke akila mbuzi anaota ndevu. Amekuja kuolewa katika nyumba ya mbuzi, akaona haya kusema. Tangu harusi, kila nyama niliyompakulia alikuwa anaifukia chini ya wali, kisha anampa paka. Nasi tulikuwa tunamsifu yule paka kwa unene wake! Siku ulipokuja na picha zako, alipata mahali pa kujificha, nyuma ya karoti. Hiyo mimba ya kwanza aliibeba kwa wali na mchuzi. Hii ndiyo ya kwanza anayoshiba ndani ya nyumba yangu.

Nikamwambia mambo ya ndevu ni upuuzi mtupu, mimi nimekula mbuzi tangu nilipoota meno, hebu nitazame. Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Nikajipapasa kidevu.

Ziko tatu, Muganga. Moja ndefu.

Nikaivuta khanga ikanifunika kidevu.

Na lile la tano nimelikumbuka. Siku ya kupima, nilimfuata Umulisa mpaka dispensari, nikasimama nje dirishani. Hukuniona. Nilikuja na ugomvi wangu tayari. Ukamvuta kope la chini, ukatazama, ukamwambia damu yako ni nzuri kabisa mama, na mtoto anakua vizuri, endelea hivyohivyo. Nikarudi nyumbani nalia njia nzima, mpaka muuza karanga akanipa za bure. Kila nikijaribu kulipanga kati ya malalamiko, haliingii. Ndiyo maana lilinipotea.

Basi mbuzi mwache kwenye nyama, na huyu wangu nimemfungua kamba azae kwa amani.

Jumamosi uje, na upite mlango wa uani kama zamani. Picha zako njoo nazo, Mukagasana hakuziona vizuri. Nitapika mimi maharage na dodo, limau nitakamua mimi, na chai utainywa baadaye, nje, pamoja nami. Na uje na kile kibano chako kidogo cha kutolea nyuzi za vidonda. Usiulize cha nini.