Maharage ya Mwalimu Astère

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hatimaye! Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka Mbarara. Shule ya chekechea kule Nyamitanga inataka mwalimu mmoja: mimi au Marcienne wa darasa la pili yangu. Atatazama somo la sayansi kwa vifaa vya kuokota. Nyamitanga! Umeme, paa lisilovuja! Nimechoka na vumbi la kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale na posho inayopunguzwa kila mara. Mkakati: maharage kwenye chupa zilizokatwa. Nimewaagiza watoto kila mmoja alete konzi moja.

Chupa za Marcienne zimeshachipua dirishani. Alianza wiki iliyopita, kabla hata ya kusikia habari za mkaguzi. Unafiki mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Maharage yamekuja. Yamepikwa. Yote! Mama Godeberthe katia hadi kitunguu. Mtaa mzima umeamua kwamba mwalimu akiomba maharage, basi ana njaa. Na kwetu mwenye njaa hapelekewi kibichi, kana kwamba hana jirani wa kumpikia. Vanessa kanisukumia bakuli: “Mama anasema ukule yote, usisikie haya.” Nilisikia haya. Kisha nikala, maana posho iliisha Jumamosi. Machozi yalinitoka kidogo. Kitunguu.

Ningeweza kuwaeleza upya. Lakini mwalimu harudii agizo.

Alhamisi, 6 Machi
Marcienne kaenda Rugaaga kumtazama mgonjwa. Chini ya meza yake kuna katoni, imefungwa. Nikafungua. Chupa nyingine! Kumbe kaficha akiba, tena miche mirefu kuliko ya dirishani! Imepauka kidogo, lakini urefu ni urefu. Nimeihamishia upande wangu wa turubai linalotenga madarasa yetu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kauliza mbona miche ni myeupe na imelala. Nikakohoa. Vanessa hakukohoa: “Ni za Madame Marcienne! Aliziweka mu katoni, ili zikose mwangaza!” Darasa langu lote likadakia: mche hutafuta mwanga, ukiukosa hurefuka na kufifia. Somo zima wamelisikia kupitia turubai. Siku zote wanamsikiliza yeye, kumbe.

Mkaguzi kafurahi sana. Kampa mkono Marcienne.

Jumapili, 9 Machi
Marcienne kaondoka na boda kwenda Nyamitanga. Kabla ya kupanda aliniletea chupa zake za dirishani, akasema watoto wasikose kuona maua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Misa sikwenda. Nimelala kutwa nikitazama turubai. Nina huzuni, basi.

Jumatatu, 10 Machi
Nasikia kuna shule Kakoba, nayo inatafuta mwalimu! Mkakati mpya: katoni, maranda ya fundi seremala, taa ya kutia joto. Mayai yaanguliwe darasani. Vifaranga mbele ya mkaguzi! Marcienne hakuwahi kuwaza hilo. Nimewaagiza watoto kesho kila mmoja alete yai. Sikueleza zaidi. Mama zao ni watu wazima, wanajua la kufanya.