Dakika Tano za Mtanyooka

Jumatatu, 2 Juni
Mbwa ametimiza miezi mitano leo. Jina lake Mtanyooka. Nimemwita hivyo kwa ajili ya jirani yangu Barnaba, ambaye mbwa wake anaitwa Tutaona. Hapa Lipangalala watu hawagombani, wanaita mbwa. Asubuhi na jioni namwita wangu kwa sauti, uso nimeuelekeza uani kwa Barnaba.

Ni wa mbegu ya Kijerumani, nilipewa na mzungu mmoja wa Kidatu aliyerudi kwao. Miguu kama ya ndama! Akikua, nguruwe pori hawatakanyaga mpunga wangu tena, na Tutaona atahama mtaa. Tatizo ni kusubiri. Nimeamua kumkomaza. Nimemfunga kamba kwenye baiskeli, tumekimbia hadi njia ya darajani na kurudi. Mke wangu Kandida kasema mtoto hakomazwi. Hajui mbwa.

Jumatano, 4 Juni
Shambani. Nimempandisha dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga, nikamwamuru aruke. Mara nne aliruka vizuri sana. Ya tano, alilia.

Anachechemea mguu wa nyuma. Nimempakia kwenye karia ya baiskeli na kumrudisha kwa njia ya uchochoroni, tusionekane. Barnaba alikuwa hukohuko uchochoroni! Aliutazama mguu, akauliza kwa upole kama lile jina linamhusu mbwa mwenyewe. Nikasukuma baiskeli. Chakula kimenishinda. Naogopa. Yule mbwa aliruka kwa sababu mimi nilimwambia.

Alhamisi, 5 Juni
Bwana mifugo wetu ni mwanamke, Levina, lakini cheo ni cheo, tunamwita bwana mifugo. Kauminyaminya mguu, kaukunja, kaukunjua. Kasema msuli umevutika tu, kiungo ni kizima, ila nina bahati. Mbwa wa mwili mkubwa hukua haraka kuliko viungo vyake, na mifupa haikomai mpaka afike kama mwaka na nusu. Hakuna baiskeli. Hakuna kuruka. Asinenepe, mbavu zisikike kwa vidole. Ule unga wa mifupa niliokuwa namchanganyia kwenye uji (sijautaja humu) niache mara moja. Apumzike siku tatu, ndipo nianze kumtembeza. Nikauliza kwa muda gani.

“Dakika tano kwa kila mwezi, baba Eveline,” kasema. “Usizidishe.”

Nimeandika ukutani kwa mkaa. Dakika tano kwa mwezi! Kumbe ndiyo maana wazungu wana mbwa wazuri. Hawawatembezi.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste
Siku tatu zimeisha. Nimemtembeza dakika tano kwa saa ya simu. Zilikwisha hata kona hatujaifikia. Basi, hadi Julai.

Lakini mbwa anataka kutoka, na haja anazo. Nimembeba. Kilo ishirini na mbili. Kandida alikataa kunipa ile khanga aliyombebea Eveline, nimeichukua alipokwenda misa. Mgongoni Mtanyooka anatulia kabisa, ila ananilamba sikio. Barnaba alitukuta akitoka kanisani. Hakucheka. Alinipa hongera ya uzazi.

Jumatano, 11 Juni
Kiuno! Nilikuwa navuka mfereji, mbwa mgongoni, kitu kikalia kwá! Hakikuwa cha mbwa. Sasa nachechemea mimi, na Kandida kasema ni mguu uleule wa nyuma. Mtanyooka naye ananenepa, na akisimama miguu inamtetemeka. Nina hakika nimeshamlemaza. Nimesali. Nimemwahidi Mungu kuacha ujanja wote.

Alhamisi, 12 Juni
Levina amekuja, Kandida alimwita. Kanikuta kitandani, mbwa chini ubavuni kwangu. Akasoma ukuta. Akauliza huyu mbwa ametembea mara ngapi tangu Jumapili. Nikajibu kwa fahari, hata mara moja.

Alikaa chini. Kasema ni kila mwezi wa umri wake. Miezi mitano mara dakika tano, ishirini na tano, na ni kwa siku. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alinikataza kuzidisha. Kasema alinikataza kupitiliza, kuzidisha kwa hesabu ndiko hasa alikokutaka. Kandida alitoka nje akacheke vizuri.

Mbwa hana kilema! Misuli imelegea tu kwa kubebwa. Wamemtembeza polepole, wakimpumzisha, nami nimemwona dirishani: miguu yote minne, sawasawa. Nililia kidogo.

Kabla ya kuondoka Levina alinitazama kiuno, akasema hata mimi nahitaji kutembea kidogokidogo. Muda hakutaja. Hakuna haja, kanuni sasa ninayo.

Nimepiga hesabu, na safari hii nimezidisha. Nina miaka arobaini na sita, yaani miezi mia tano hamsini na miwili. Mara tano. Dakika elfu mbili mia saba sitini. Saa arobaini na sita, kwa siku! Ni Kidatu kwenda na kurudi, na zitabaki za kupita mbele ya nyumba ya Barnaba. Shida ni moja, siku ina saa ishirini na nne tu, kwa hiyo nimeshachelewa. Naanza alfajiri. Mtanyooka atanisindikiza dakika ishirini na tano, halafu Kandida amrudishe. Yeye bado mtoto. Mimi nimeshakomaa.