Meneja wa Pangoni

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Makorora, Tanga. Hatimaye kazi inayolingana na elimu yangu! Mzee Shaib, Mpemba mwenye duka la vitenge, ameleta kutoka Dubai mashine ya gemu na televisheni ya rangi. Ameziweka chumba cha nyuma, watu wanalipa kuingia kucheza. Anatafuta msimamizi. Sharti lake: awe ameliua joka la pangoni, maana wateja wakikwama hapo wanamsumbua yeye, naye hajui hata pa kubonyeza.

Si lazima kupigana na joka hilo. Kwenye gemu, kumfikia mfalme kuna njia nyingine, nyepesi. Lakini limekalia hazina, kazi halifanyi, na anayelisogelea linamchoma moto. Vijana wamelipa jina la Meneja. Mimi nilipunguzwa kazini na mmoja wa aina hiyo hiyo, ukarani wangu wote ukaishia getini. Kwa hiyo nina kisasi.

Mshindani ni mmoja tu, Uweso wa Nguvumali, kuli wa zamani wa bandarini. Gemu yote ni ya Kiingereza, naye Kiingereza hajui. Nimecheka hadi nikapaliwa.

Shangazi Kazija hakucheka. Kasema nikiikosa hii, Jumamosi napanda gari kwenda Kigombe kwa mjomba Jaku, kukaanga samaki. Mimi! Karani!

Jumanne, 8 Novemba
Mkakati: kumlea shujaa wangu hadi apate misuli. Kutwa nzima naua vyura. Kidole gumba kimevimba, lakini shujaa kawa pande la mtu. Uweso akanishauri nihifadhi mchezo. Nikamwambia asinifundishe kazi. Saa kumi umeme ukakatika. Mgao! Uliporudi, shujaa yuko kitandani nyumbani kwa mama yake, na silaha yake fimbo.

Soko la kila kitu limefunguliwa siku hizi, mitumba mpaka dawa ya meno ya Uarabuni. Umeme tu ndio bado wa foleni.

Jumatano, 9 Novemba
Nguvu zimeshindikana, sasa hila. Nimemwambia Uweso, kwa sauti ya kirafiki kabisa, kwamba siri ya Meneja anayo bibi kizee wa kijiji cha mwisho, kaskazini ya ramani. Uongo mtupu. Hicho kijiji sijawahi kukikanyaga. Akanishukuru, akaniita kaka, akaenda. Katembea mpaka adhuhuri.

Bibi yupo! Kampa viatu visivyoshika moto.

Jioni Uweso kaniletea kahawa na kashata kwa shukrani. Nimekunywa. Nimesikia uchungu mpaka kwenye masikio.

Alhamisi, 10 Novemba
Siku ya aibu. Naiandika ili haki ijulikane.

Nilikuwa nimenunua upanga wa dhahabu, wenye kulikata joka vipande. Ili niupate niliuza ngao, kofia ya chuma na farasi, vyote nilivyovipata kwa kuua vyura upya tangu jana. Nikaingia pangoni. Chumba kimefurika, hata Samiha muuza maandazi kaacha beseni lake mlangoni. Meneja likafumbua jicho moja, yakatokea maandishi. Nikawatafsiria watu kwa sauti yangu ya ofisini: linauliza, je, hutanipa upanga wako? Chini yake majibu mawili, NDIYO na HAPANA.

Sasa, mtu akikuuliza hutanipa, nawe humpi, unamjibuje? Ndiyo! Ndiyo, sikupi! Nani hajui? Chumba kizima kikapiga kelele niseme ndiyo, Samiha akiwazidi wote. "Mwambie ndiyo, kaka, likome!" Nikabonyeza NDIYO mpaka kidude cha kuchezea kikalia.

Meneja likasema ahsante. Likauchukua upanga wangu, likaulalia.

Shujaa kabaki kichwa wazi, mikono mitupu. Likamchoma palepale. Nilimweleza Mzee Shaib kwamba joka hili halijui kuzungumza na watu. Akajibu kwamba yeye kaona limeelewa vizuri sana.

Akakaa Uweso. Swali lile lile. Akasema kwa kuwa kaka keshaijaribu ndiyo, yeye atabonyeza iliyobaki. Vita! Moto ukamwagwa, viatu havikushika. Meneja likafa. Chini ya tumbo lake ukaonekana upanga wangu, na Uweso akauokota! Niliumia kama vile ni upanga wa kweli.

Ijumaa, 11 Novemba
Baada ya swala nikaenda kwa Mzee Shaib. Shikamoo yangu leo ilikuwa ndefu. Kazi kapewa Uweso. Lakini, kasema Mzee, Uweso mwenyewe kaniombea niwe msaidizi: kuwasomea wateja Kiingereza na kufuta vidude vumbi.

Nilifurahi, sifichi. Ila mtu mwenye heshima hakubali mara moja. Lazima abembelezwe. Nikasema hapana Mzee, sitaweza, nina mambo mengi.

"Haya baba, hakuna neno," akasema, akaendelea kupima kitenge.

Nikatoka polepole, ili aniwahi. Kwenye kona nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala. Nikainama tena. Hakuna aliyeita.

Shangazi aliposikia alikaa chini kwanza. Kisha akaniambia gari la Kigombe linaondoka asubuhi.

Jumapili, 13 Novemba
Kigombe. Moshi machoni, mafuta yamerukia shati langu la ofisini. Mjomba Jaku kanipa shuka kuukuu la kujifunga. Nimekataa. Mzee Shaib akituma mtu kunibembeleza, anikute nimevaa kikarani.

Mchana likapita lori la chumvi kutoka Tanga. Nikaacha karai, nikakimbilia barabarani, nikasimama pale pale dereva anaponiona. Hakuniuliza kitu. Kanunua samaki, kala, kaondoka. Nyuma yangu kumeungua karai zima na mjomba anapiga kelele, lakini mimi nimeshamwelewa yule dereva. Katumwa na Mzee Shaib kwa siri, aangalie kwanza kama bado nimekasirika.

Nilimkunjia uso vizuri.