Taarifa ya Utekelezaji wa Mradi wa Ndege ya Pili

Mheshimiwa Mama wa Taifa, ambaye pia ni mke wangu. Mheshimiwa Waziri wa Fedha, ambaye pia ni mkwe wangu. Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu, Anga na Maji, ambaye ameomba kuondoka mapema kwa sababu zamu yake ya kulinda duka la viatu inaanza saa kumi. Mama Mpishi, uliyesimama hapo mlangoni na simu mkononi ingawa itifaki ilikupangia kiti. Wageni waalikwa ambao hawakufika. Mabibi na mabwana. (Makofi. Jirani wa chini anagonga dari lake.)

Nasimama mbele yenu katika ukumbi huu wa muda hapa ugenini, ambao mwenye nyumba anauita sebule, nikiwa na furaha isiyo kifani kuwasilisha taarifa ya Mradi wa Kitaifa wa Ndege ya Pili, yaani ile ndege niliyoitangaza kwa kinywa changu mwenyewe pale uwanja wa ndege, siku wananchi walipovunja geti la Ikulu kwa mapenzi yaliyopitiliza, na ambayo ilipangiwa kuwaleta wenzetu waliobaki nyumbani, akiwemo mtunza bustani wetu hodari, mume wa Mama Mpishi. (Mpishi: "Baba, mwaka wa pili huu.") Hoja nzuri sana, Mama, na nimeipokea.

Ndugu zangu, wapo wapotoshaji wanaosema nilikimbia. Nikimbie nini, mimi? Mtu anayekimbia habebi mimbari. Mimi nilibeba mimbari hii, nikabeba picha zangu zote kubwa za maofisini, na kwa mujibu wa taratibu za itifaki zikafungwa mikanda kwenye viti vya abiria vya ndege ya kwanza, kwa kuwa picha ya Rais hailazwi kwenye chumba cha mizigo kama gunia la mkaa. Ni kweli kwamba kwa sababu hiyo abiria kadhaa waliombwa kupisha. Uongozi ni kufanya maamuzi magumu. (Makofi ya mkwe.)

Taskfosi niliyoiunda, ambayo mwenyekiti wake ni mkwe wangu na wajumbe wake ni yeye huyohuyo, imekamilisha upembuzi yakinifu, imeendesha semina elekezi kule chumbani, imeshirikisha wadau, na ninavyozungumza tumefikia asilimia themanini na saba ya utekelezaji, tukibakiza vipengele vidogo tu vya ndege, rubani na mafuta. (Mkuu wa Majeshi anakohoa.) Nashukuru kwa shangwe hizo, Jemedari.

(Mpishi: "Baba, samahani nakukatiza. Wifi yangu yuko kwenye simu hapa, anasikiliza. Mume wangu bado yuko selo. Wenzake wote wameachiwa, walisema tu kwamba uliwadanganya, wakaenda zao. Yeye kila akiulizwa anasema ndege itakuja, Baba hasemi uongo. Kesho wanamhamishia gereza kubwa. Tumwambie nini?")

Huyo ndiye mwananchi! Hiyo ndiyo imani! (Makofi ya mkwe, kisha anaacha.) Mpe salamu za Rais, mwambie avute subira, mchakato uko katika hatua nzuri. Sisi Ikulu hatukuwahi kutumia neno "hakuna". Maji yakikatika, tulisema yako njiani. Dawa zikiisha hospitali, ziko njiani. Hata asubuhi ile vijana walipofika getini, nikauliza askari wako wapi, niliambiwa kwa nidhamu kubwa kwamba wako njiani. (Mkuu wa Majeshi anatazama viatu vyake.)

Basi tuitikie kwa pamoja. Rais! (Mkwe: "Wa kudumu!") Picha! (Mkwe: "Zipo salama!") Ndege ya Pili! (Mkwe, peke yake: "Iko njiani!")

Nikihitimisha, nimshukuru kwa namna ya pekee kabisa Mama wa Taifa, maana mradi huu wote ni tunda la ubunifu wake. (Mke: "Mume wangu, kaa chini.") Unyenyekevu huo! Siku ile watu walikuwa wamejazana kwenye ngazi za ndege, wengine wameng'ang'ania mlango, rubani anasema haturuki hivi, mimi nimeduwaa. Ni yeye aliyeninong'oneza, "Baba watoto, waambie kuna nyingine." Nami nikatangaza kwamba nyuma yetu kuna nyingine, tena kubwa kuliko hii. Haikuwepo, ndugu zangu, wala hatukuwahi hata kuizungumzia, lakini oneni nguvu ya kauli ya Rais: watu wale waliteremka wenyewe, kwa mstari, bila bughudha, na mtunza bustani ndiye aliyewashika mkono wazee wasijikwae, kisha akatupungia. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mpishi, kwenye simu: "Wifi, umemsikia? Mwenyewe huyo, kwa mdomo wake. Haya kimbia, wahi kituoni kabla hawajafunga. Mwambie kaka yako asimtetee tena, arudi nyumbani kwa watoto.")